KUUZUNGUKA WANALE KWA MIGUU

Mtu asimamaye alfajiri katika Divisheni ya Viwanda ya jiji la Mbale, mashariki ya Uganda, hana haja ya kuuliza mlima uko wapi. Akigeuza uso upande wa mawio ya jua, jabali la Wanale limesimama mbele yake kama ukuta wa boma, na ikiwa mvua imenyesha usiku ataona michirizi myeupe ya maji ikianguka kutoka juu ya ukuta huo. Huku chini mashine za kusaga mahindi zinaanza kunguruma, malori yanapakia magunia, na cheche za mafundi wa vyuma zinaruka kando ya reli ya zamani itokayo Tororo kwenda Soroti. Ukuta umetulia kimya juu ya shughuli hizo zote.

Wanale ni mkono mmoja tu wa Mlima Elgon, ambao wenyeji wake, Wamasaaba, huuita Masaba kwa jina la babu yao. Wazee husimulia kwamba Masaba alizaa wana watatu, Mwambu, Wanale na Mubuya, na kutokana nao zikatoka koo zote za mlimani. Kahawa ya Arabika ilimwayo huko juu ndiyo iliyolijenga jiji, na Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa mwaka 1954 kilisimama juu ya kahawa hiyo. Ndizi, kabeji, vitunguu na viazi vya sokoni hushuka kutoka huko. Mto Nabuyonga ukatao katikati ya jiji hushuka kutoka huko pia. Pamoja na hayo yote, wako wakazi wengi wa Mbale wautazamao mlima kila siku ya maisha yao bila kuukanyaga, isipokuwa wapitapo kwa gari kwenda mazishini.

Mwezi wa Desemba, 2024, mkazi mmoja wa Divisheni ya Viwanda aliamua kuuzunguka Wanale kwa miguu kwa muda wa siku mbili. Alikuwa fundi wa kuchomelea malango ya chuma, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, na mwenzake wa safari alikuwa mbwa wake wa rangi ya hudhurungi, mwenye masikio mafupi, aitwaye Simba kama waitwavyo mbwa wengi wa Uganda ambao hawajapata kumwona simba.

SAFARI ILIYOKUSUDIWA KWANZA

Kusema kweli, safari hiyo haikuwa ile aliyoitaka. Kwa miaka mingi fundi alikuwa akitamani kuuzunguka mlima mkubwa wenyewe. Njia hiyo inajulikana sana. Msafiri huanzia Budadiri, akapanda njia ya Sasa kwa kupita magenge ya Mudangi yenye ngazi, akalala kambini kando ya Mto Sasa, kisha akafika Pango la Mude. Kutoka hapo hupanda hadi kilele cha Wagagai chenye mita 4,321 juu ya bahari, akachungulia ndani ya kasoko kubwa iliyoachwa na volkeno hiyo ya kale. Volkeno hiyo ilikuwa imekwisha kuunguruma mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haujatokea. Arudipo hushika njia nyingine, akapita nyanda za juu zenye mimea ya lobelia na senesio ipitayo kimo cha mtu, akashukia upande wa Sipi. Mzunguko huo huchukua siku nne au tano, na siku nyingine msafiri hakutani na mtu yeyote ila askari wa hifadhi anayemwongoza.

Fundi alikuwa ameweka akiba ya ada ya kuingilia, akanunua na koti la mvua. Alipokwenda kuulizia utaratibu, swali lake la mwisho lilikuwa juu ya mbwa. Jibu lilikuwa fupi: sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na mnyama wa kufugwa haingii humo.

Jambo hilo lilimuudhi. Babu yake, kama wazee wengi wa Kimasaaba, aliingia msitu uleule na mbwa wenye kengele shingoni, akitafuta nyama. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya katazo. Paa wa msituni hawezi kupambanua mbwa wa mwindaji na mbwa wa mtembezi. Asikiapo harufu ya yeyote kati yao hukimbia, na akikimbizwa mara nyingi huhama au hufa. Sababu ya pili ni maradhi. Mwaka 1994, katika Serengeti nchini Tanzania, ugonjwa wa homa ya mbwa uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa huko, takriban simba elfu moja. Katika milima ya Bale nchini Ethiopia, mbwa mwitu adimu wa nchi hiyo wamekufa mara kadhaa kwa kichaa cha mbwa kilicholetwa na mbwa wa wachungaji. Mbwa mmoja aonekanaye mzima, akinywa maji ya kijito na kuacha mate yake pale, anaweza kuacha na msiba.

Kwa hiyo fundi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: amwache Simba, aende Wagagai, ama aende naye hadi pale mpaka unapofikia na kugeuka. Mwaka ule alichagua la pili. Shangazi yake, mjane, alikuwa akikaa ng'ambo ya mgongo wa Wanale kwenye mteremko ushukao kuelekea Bufumbo, na alikuwa amempigia simu mara mbili kwamba mlango wa nyumba yake umeharibika. Fundi akatia tupa, bisibisi na bawaba mbili mpya ndani ya mkoba, akaona atakuwa amekamata ndege wawili kwa tundu moja.

KUPANDA

Waliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simba alikuwa amechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, jambo ambalo hapana budi lifanywe kila mwaka na kuandikwa katika kadi, na alifungwa kamba ya urefu wa mita mbili. Mtu atembeaye na mbwa mjini hushika adabu zake. Walipokaribia msikiti, fundi alivuka upande wa pili wa barabara, kwa kuwa waumini waliokwisha kutawadha hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Walipokutana na watoto waendao kisimani aliikunja kamba fupi, akasimama hadi walipopita.

Mlimani kuna njia za namna mbili. Iko barabara ya magari ipandayo kwa kona nyingi, na ziko njia za mkato zikwendazo moja kwa moja usoni pa jabali. Hizo za mkato ndizo wapitazo wanawake wa Wanale washukao na mikungu ya ndizi kichwani kabla ya jua kuchomoza, na mtu wa mjini akiwatazama huona haya kulalamika juu ya magoti yake. Mbwa huweza kupanda palipo na udongo na mizizi. Palipo na mwamba mtupu hukwama. Ndiyo maana fundi alifuata barabara mahali pakali na vijia mahali palipolainika. Kutoka mjini hadi mgongoni ni kupanda kwa zaidi ya mita elfu moja, na kufika saa nne walikuwa wamefika juu, wote wawili ndimi nje.

Hapo msafiri hugeuka atazame nyuma. Jiji lote la Mbale limelala chini kama mkeka uliotandikwa, mabati yake yanametameta, na moshi wa viwanda unapaa wima. Kusini, siku isiyo na ukungu, mwamba wa Tororo huonekana umesimama peke yake uwandani. Magharibi tambarare huenda hadi macho yachoke. Kutoka hapo mtu huelewa kwa urahisi jambo lililotokea usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, 2022, wakati mvua kubwa iliponyesha mlimani na mito Nabuyonga na Namatala ikafurika, ikaua watu zaidi ya 20 na kuyakata mabomba ya maji ya jiji. Mtu aliyekuwa amelala Divisheni ya Viwanda hakuyaona mawingu yaliyomletea maji yale. Yalikuwa huku juu.

Mgongo wa Wanale si ukiwa kama udhaniwavyo kutoka chini. Yako mashamba ya kahawa chini ya migomba, shule, makanisa, na maduka yauzayo sabuni na mafuta ya taa. Hewa yake ni baridi. "Mulembe!" wanasalimu watu njiani, maana yake amani, na mgeni huitika vivyo hivyo, "Mulembe!" Simba alijibu salamu za mbwa wa mji baada ya mji kwa mkia ulionyooka. Fundi hakumfungua kamba hata mara moja, kwa kuwa kuku mmoja akiuawa na mbwa wa mgeni, amani ya asubuhi huisha na mashauri huanza.

MPAKA

Wakaendelea kuelekea mashariki kwa njia za ukimya, upande wa Budwale, ambako mashamba hukoma na msitu huanza. Saa tisa alasiri walifika. Mtu asiyejua angetazamia kuona ukuta au seng'enge. Hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Upande huu ulikuwa na kahawa na maharage, upande ule ulikuwa na miti mirefu iliyofungamana, na mahali pengine mstari wa mikaratusi ulitenga baina yao. Sauti ya mbega ilisikika ndani, kama gogo linalosagwa.

Mpaka huo una historia yenye machungu. Serikali ya kikoloni iliutenga msitu, wananchi wakazidi kuongezeka, na katika miaka ya 1970 na 1980, utawala ulipolegea, sehemu kubwa za msitu zilikatwa zikawa mashamba. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1993, waliokuwa humo walitakiwa watoke, na ugomvi wa alama za mpaka haujesha kabisa hata leo. Tena, kwa Mmasaaba msitu ni ghala. Humo hutoka dawa, kuni kavu, na zaidi ya yote malewa, yaani machipukizi ya mianzi, chakula cha heshima cha nchi hiyo. Vijiji vilivyofanya mapatano na hifadhi huruhusiwa kuyachuma kwa majira na kwa kiasi.

Simba alinusa upepo utokao msituni, nywele za mgongoni zikamsimama. Akavuta kamba kwa nguvu ambayo fundi hakupata kuiona kwake. Damu ya wale mbwa wenye kengele ilikuwa bado imo. Fundi aliizungusha kamba kiganjani mara mbili, akakaa chini juu ya jiwe, akampa maji katika kifuniko cha sufuria. Wakakaa pale karibu saa moja, mtu akila chapati na mbwa akitazama miti. Kisha wakageuka, wakashika njia ya kushuka kwa shangazi.

CHAKULA CHA SHANGAZI

Bibi huyo alimpokea mpwa wake kwa vigelegele, na mbwa akampokea kwa fimbo. "Mwanangu, wewe karibu ndani. Huyo alale jikoni, na asisogelee kuku wangu." Ndivyo ilivyokuwa.

Usiku huo alipika malewa. Akina mama wasiopata kuyapika watapenda kujua utaratibu wake. Malewa huuzwa yakiwa yamekaushwa kwa moshi, magumu kama vijiti. Huoshwa vizuri na kulowekwa usiku kucha hadi yalainike, kisha hukatwakatwa vipande vidogo, sehemu ngumu zikitupwa. Huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na magadi kidogo. Yakiisha kuiva hutiwa karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji, sufuria ikaachwa juu ya moto mdogo huku ikikorogwa polepole ili karanga zisikatike wala zisiungue. Chumvi hutiwa mwishoni. Huliwa kwa ndizi zilizopikwa au kwa ugali. Harufu yake ya moshi ndiyo sifa yake, na apendaye kuiondoa hajui alacho.

Baada ya chakula fundi alitazama mlango kwa taa ya simu. Ulikuwa mlango wa mbao ulioungwa vizuri, lakini pembe yake ya chini ilikuwa ikisugua sakafu na pembe ya juu ilikuwa ikigota kwenye fremu. Bawaba zilikuwa nzima. "Umeanza lini, shangazi?" "Tangu zile mvua za Novemba. Mbao zimevimba tu." Fundi akakubali kwamba mbao zimevimba, akasema kesho atapunguza kwa tupa na randa ya jirani.

Hakuna aliyetaja Bulambuli, ingawa kila mtu mlimani alikuwa akiifikiri. Tarehe 27 Novemba, 2024, wiki chache tu kabla ya safari hii, maporomoko ya ardhi yalikuwa yamefukia nyumba katika vijiji vya wilaya hiyo, upande wa kaskazini wa mlima huohuo. Kabla yake, Oktoba 2018, mto wa matope na mawe ulishuka Bukalasi, wilaya ya Bududa, ukaua watu zaidi ya 40. Na kabla yake, tarehe 1 Machi, 2010, mteremko wa Nametsi, Bududa, uliporomoka jioni ya mvua ukafukia makazi na kituo cha afya, na watu waliokufa au kupotea walihesabiwa kuwa zaidi ya 300.

KILICHOFUKULIWA NA MBWA

Asubuhi fundi alimfungua Simba akamzungushe shambani, nyuma ya nyumba. Katikati ya kahawa, hatua arobaini hivi juu ya jiko, mbwa alianza kufukua matandazo ya majani makavu ya migomba akimtafuta fuko. Alifukua kwa bidii, kisha mguu wake wa mbele ukazama wote. Akauchomoa, akarudi nyuma akibweka.

Fundi aliinama akaondoa majani. Chini yake palikuwa na ufa. Alitia fimbo yake, ikazama hadi mkononi. Akaendelea kuondoa majani kushoto na kulia, na ufa ukaendelea, umejipinda kama upinde, ncha zake zikishuka pande zote mbili za nyumba ya shangazi. Mahali pengine udongo wa upande wa chini ulikuwa umeshuka kiasi cha upana wa kiganja kuliko wa upande wa juu. Mibuni miwili iliyokuwa kando yake ilikuwa imeinama kuelekea bondeni.

Ndipo alipoelewa habari ya mlango. Mbao hazikuvimba. Nyumba yenyewe ilikuwa imesogea, fremu ikapinda nayo.

Shangazi alipoitwa alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amepita juu ya majani yale kila siku akichuma kahawa. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mvua zimekwisha. La pili, kwamba mumewe amezikwa pale chini ya mparachichi. La tatu, kwamba kahawa ndiyo imeiva sasa, na mwenye kuacha kahawa ikiwa nyekundu hana akili. Yote matatu yalikuwa kweli, na fundi hakubishana nayo hata moja. Alisema tu, "Shangazi, mchana ni wako. Usiku usilale hapa."

Akaitwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuja na wazee wawili, wakaufuata ufa kutoka ncha hadi ncha bila maneno mengi. Mwenyekiti alieleza mambo ambayo watu wa mlimani wamejifunza kwa gharama kubwa. Udongo wa Elgon una kina kirefu na ni wa mfinyanzi. Unywapo maji mengi huwa mzito na huteleza juu ya mwamba ulio chini yake. Mahali palipochongwa mteremko ili kupata uwanja wa nyumba, ukingo hupoteza mguu wake. Mahali palipong'olewa miti mikubwa, mizizi iliyokuwa ikiushikilia udongo huoza. Ufa ukiachwa wazi, mvua ya kwanza huingia humo kama maji kwenye faneli.

Iliamuliwa kwamba ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliopondwapondwa, na mfereji uchimbwe juu yake ili kuyageuza maji yaende kando. Kwamba wilaya ipewe habari. Na kwamba shangazi alale kwa mwanawe mkubwa juu mgongoni, ambako ardhi ni tambarare. Siku za ukavu atashuka kuchuma kahawa. Siku za mvua hatashuka. Majirani wawili wa upande wa chini, ambao nyumba zao zilikuwa katika njia ileile, waliambiwa vivyo hivyo. Kuhama moja kwa moja ni jambo jingine, lenye majonzi yake. Serikali imejenga nyumba huko Bunambutye, katika tambarare ya Bulambuli, kwa ajili ya waliokumbwa na maporomoko. Lakini mtu wa mlimani aendaye bondeni huacha kahawa, migomba, hewa na makaburi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu wengine wamehamishwa wakarudi.

ALAMA ZA KUTAZAMWA

Kila mwenye nyumba kwenye mteremko, awe Bugisu, Uluguru au Murang'a, yafaa azijue alama hizi. Mpasuko mpya ardhini, hasa ulio na umbo la upinde juu ya nyumba. Milango na madirisha yanayogoma ghafla. Nyufa mpya ukutani au sakafuni. Miti, nguzo au ua unaoinama. Chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na chemchemi, au ile ya zamani inayobadilika ikawa na matope. Mto unaopungua ghafla wakati wa mvua, kwa kuwa pengine umezibwa huko juu. Aonaye mojawapo na awaambie majirani na viongozi siku ileile, na asilale hapo mvua ikinyesha. Matandazo ya majani ni mazuri kwa kahawa, lakini baada ya kila mvua kubwa yafaa yainuliwe na kutazamwa chini yake.

Na wenye kutembea na mbwa mlimani wasisahau ya kwao: chanjo, kamba, maji, na kumkagua nyayo na masikio jioni kwa ajili ya miiba na kupe. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yapitayo kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali bila kungoja, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba.

KURUDI

Mchana mzima ulikwisha kwa kubeba. Vitanda, masufuria, kuku ndani ya tenga, magunia mawili ya kahawa, na furushi la malewa lililokuwa likining'inia juu ya meko, vyote vilipandishwa mgongoni kwa vichwa na mabega. Mwisho shangazi alisimama mbele ya nyumba tupu, akasema, "Na mlango wangu?" Fundi akatoa bisibisi, akafungua bawaba zilizokuwa nzima, akautoa mlango. Ukabebwa na vijana wawili. Nyumba ya mwanawe ilikuwa na chumba cha nyuma kilichofungwa kwa gunia tu. Mlango ukapimwa pale, ukapunguzwa kidogo upande mmoja, ukafungwa kwa zile bawaba mpya. Ukafunga bila kugota.

Kwa sababu hiyo mzunguko wa siku mbili ukawa wa siku tatu. Siku ya tatu, kabla ya jua kukolea, fundi na Simba waliteremkia upande wa Bufumbo, kupitia vijia vyenye kivuli cha migomba, wakivuka vijito vilivyo na maji safi, hadi barabara iwapelekayo mjini. Waliingia Mbale alasiri, wakapita mnara wa saa, wakarejea Divisheni ya Viwanda wakati mafundi wenzake walipokuwa wakifunga karakana. Mtu akiitazama njia yote kwenye ramani ataona ni duara dogo tu pembeni mwa mlima mkubwa.

Wagagai bado ipo. Atakaye kuiendea na aende. Njia ziko wazi kwa mwenye kibali na mwongozaji, na mbwa abaki kwa jirani mwaminifu. Fundi naye amesema atakwenda msimu wa ukavu ujao. Lakini kwanza, mvua za masika zitakapoanza, atapanda tena Wanale kwa miguu akautazame ule ufa, naye Simba atakwenda pamoja naye.